Msiba Usio na Matanga

Kisiwani Mafia mtu hazikwi na jamaa zake peke yao. Habari ya kifo ikitangazwa msikitini, mashua huvuka kutoka Chole, Juani na Jibondo, nyavu hubaki zimetundikwa, na hata yule aliyekuwa hasemezani na marehemu hufika akatia bega lake chini ya jeneza. Sheria inayosimamia jambo hili kila mtoto wa chuoni anaifahamu: kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya. Wakitokea wachache wakaitimiza, mji mzima umesalimika. Asipotokea hata mmoja, dhambi inawaenea wote.

Nimeikumbuka sheria hiyo mara nyingi nikiwafikiria viumbe wawili wanaotutoka pasipo tangazo wala jeneza. Mmoja ni samaki aliyekuwa akiheshimiwa na kuogopwa na wavuvi wa mlango wa bahari uliopo kati ya Kilindoni na mto Rufiji. Wa pili ni mmea mdogo usio na ua wala mzizi, uotao kwenye magome ya miti katika misitu ya milimani. Samaki huyo alikuwa na sifa hadi ya kutisha. Mmea ule haujawahi kuwa na sifa yoyote. Nimewaweka pamoja kwa sababu kila mmoja anatuonyesha upungufu wa namna yetu ya kuhuzunika, na kwa sababu kuna maji yanayowaunganisha.

Samaki ni papa upanga. Jina linamweka katika ukoo wa papa, lakini mwili wake ni wa taa. Mgeuze chali utaona matundu ya matamvua yamepangwa chini, kama ya nyenga na pungu wanaouzwa sokoni Kilindoni, na mapezi ya kifuani yametanda yakaungana na kichwa. Kilichomtenga na ndugu zake ni ule upanga: ubao mrefu na bapa wa gegedu, umepigwa meno pande zote mbili. Katika maji yetu walikuwako wa aina mbili, wanaoitwa na wanasayansi Pristis pristis na Pristis zijsron. Yule wa kwanza akikomaa aliweza kupita urefu wa mita 6. Leo wote wawili wamo katika daraja la juu kabisa la hatari kwenye Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN. Daraja linalofuata baada ya hapo ni la viumbe wasiopatikana tena porini.

Upanga ule watu waliuona kuwa silaha, na kweli ni silaha, lakini kwanza ni kiungo cha hisi. Umejaa vitundu vinavyonasa umeme hafifu unaotoka katika mwili wa kamba au samaki aliyejificha kwenye tope. Katika maji machafu ya mdomo wa mto, ambako jicho halisaidii kitu, papa upanga huona kwa upanga wake. Majike hawatagi; huzaa watoto walio hai, na mtoto huzaliwa upanga wake ukiwa laini, umefunikwa na utando, ili asimjeruhi mama yake anapotoka. Utando huo humtoka siku chache baadaye. Maumbile yaliyompa silaha yalikumbuka kuifunga ala.

Watoto hao hulelewa kwenye maji ya mitoni na midomoni mwa mito, na hapo ndipo Mafia inapoingia. Upande wa magharibi wa kisiwa, ng'ambo ya mlango wa bahari, Rufiji inajigawa na kuingia baharini kwa milango mingi: Simba Uranga, Kikunya, Msala na mingineyo, katikati ya msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote wa Afrika Mashariki. Masika yanapokolea, maji ya mto husukuma tope lake hadi bahari ya upande wa Kilindoni ikabadilika rangi. Rutuba hiyo ndiyo inayowalisha dagaa na kamba, na ndiyo inayochangia kumvuta papa potwe, ambaye wageni huja kutoka mbali kuogelea naye. Papa upanga alikuwa mwenyeji wa maji hayo hayo kabla ya wageni.

Aliyemmaliza tunamjua. Jarife ni wavu wa macho makubwa unaotegwa ukalala maji usiku kucha kwa ajili ya papa na taa. Ulipotengenezwa kwa nailoni ukawa haukatiki wala hauozi. Samaki mwingine hunaswa akipita; papa upanga hunaswa kwa kuguswa tu, maana kila jino la upanga wake ni ndoana. Anapojipindua kujiokoa hujiviringisha zaidi. Kumtoa akiwa hai ni kazi ya hatari na ya kuharibu wavu, na mvuvi mwenye deni la wavu hawezi kulaumiwa upesi kwa kuchukua shoka. Nyama ilikaushwa kwa chumvi, mapezi yalipata bei nzuri kwa wafanyabiashara wa Asia. Kisha kwa miongo kadhaa zikaja meli za kukokota nyavu za kamba, zikilima sakafu ya bahari mbele ya delta. Samaki anayechukua miaka mingi kukomaa na anayezaa watoto wachache hawezi kushindana na hesabu ya namna hiyo.

Mwaka 2020 mtafiti Gill Braulik na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wavuvi wa pwani ya Tanzania kuhusu samaki huyu. Habari za kupungua kwake hazikumshangaza mtu anayeijua bahari. La kushtua zaidi ni tofauti ya rika. Wazee walimjua papa upanga, walikumbuka walimkutia wapi, na walijua kwamba hawamwoni tena. Vijana wengi hawakuwa na cha kukumbuka. Kila kizazi huhesabu kuanzia bahari kilichoikuta. Iliyokuwa nusu tupu kwa babu ndiyo imejaa kwa mjukuu. Kwa hiyo kuna kifo cha kwanza, samaki anapoacha kuingia wavuni, na kuna kifo cha pili, anapoacha kuingia katika mazungumzo ya watu wanaoshona nyavu. Cha pili hakina siku.

Afrika Magharibi mambo yamekwenda mbali zaidi. Nchi zinazotumia faranga ya CFA zina papa upanga kwenye sarafu zao, mchoro uliotokana na mawe ya kupimia dhahabu ya Waakani, ambako samaki huyo alikuwa ishara ya baraka na mali. Sehemu kubwa ya pwani hiyo imempoteza samaki huyo kabisa. Mamilioni ya watu wanampokea na kumtoa kila siku dukani, na wengi wao hawatamwona akiogelea. Amebaki katika pesa baada ya kugeuzwa pesa.

Hata hivyo papa upanga ana mashahidi. Anao maadui wake wa zamani. Mzee aliyewahi kupasuliwa wavu wake anaweza kusimulia ukubwa wa kichwa, nguvu ya mkia, na hasara ya siku hiyo. Uadui ni namna ya kujuana. Mtu anayekuchukia anajua unapita wapi na saa ngapi, na siku ukitoweka ataona pengo. Ndiyo maana kumpoteza samaki huyu kunauma mahali fulani, hata kama maumivu yamechelewa. Je, yule asiyekuwa na rafiki wala adui?

Ukizunguka Mafia baada ya mvua utamwona ndugu wa mbali wa ule mmea wa milimani bila kumtafuta. Kwenye mashina ya minazi mikongwe na kwenye kuta za mawe ya matumbawe pale Kua, mji wa magofu ulioko Juani, kuna utandu wa kijani uliojaa vijani vidogo mno. Vitabuni huitwa kuvumwani. Watu wa kawaida huukwangua au huukanyaga. Mmea huu hauna mizizi ya kunyonya maji wala mishipa ya kuyapandisha. Hunywa kwa jani, kwa mwili mzima, kile kinachodondoka au kinachopita kama ukungu. Jua likiwaka hujikunja, ukakauka ukaonekana umekufa. Mvua ikirudi hufunguka ukawa kijani tena kwa muda mfupi. Na katika uzazi wake kuna jambo ambalo mvuvi angelipenda kulijua: mbegu ya kiume ya kuvumwani ina mikia ya kuogelea. Ili ifike kwenye yai lazima ikute utando wa maji juu ya jani, ikaogelea. Mmea huu ulitoka majini zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na bado hauwezi kuzaliana bila safari ya majini, hata kama bahari yenyewe ni tone moja la mvua.

Kuvumwani za minazi na magofu hazina shida kubwa. Nyingi ni za aina zilizoenea katika nchi za joto. Zilizo hatarini ni zile za misitu ya mawingu, juu milimani. Mojawapo ni Renauldia lycopodioides, inayojulikana kutoka misitu ya milima ya Tanzania, Kenya na Uganda, na iliyotiwa katika Orodha Nyekundu kwa sababu misitu inamoishi inakatwa. Mti ukianguka, kuvumwani haina pa kuhamia. Haiwezi kushuka bondeni, kwa kuwa bondeni kuna jua na vumbi. Haiwezi kupanda juu, kwa kuwa kilele kina mwisho.

Hapa ndipo ulinganifu unapoanza kuwa mchungu. Mwaka 2021 wataalamu walikamilisha tathmini ya papa, taa na jamaa zao wote duniani, aina 1,199, wakakuta zaidi ya theluthi moja wako hatarini. Ni habari mbaya, lakini ni habari: kuna orodha, kuna majina, kuna watu wa kuulizwa. Kuvumwani ziko aina zipatazo 12,000, na za Afrika zilizowahi kupimwa hali yake ni chache mno. Nyingine huenda zinakatwa pamoja na magome yake kabla mtu hajaziangalia kwa lenzi. Imewahi kutokea kwingine. Katika miaka ya 1860 mwanabotania John Macoun aliokota kuvumwani inayong'aa karibu na mji wa Belleville, Kanada. Miti ya kinamasi alimoiokota ilifyekwa, na mmea ule haujaonekana tena popote. Unaitwa Neomacounia nitida, umebeba jina la aliyeuona, na yeye akawa karibu shahidi wake wa pekee. Kama asingepita pale, ungetoweka vilevile, tofauti yake ni kwamba leo tusingekuwa na hata sentensi moja ya kuusema.

Waswahili husema asiyekujua hakuthamini. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumfariji mtu aliyedharauliwa ugenini. Lakini inabeba pia onyo juu ya huzuni. Tunalia kwa kadiri ya kujuana, si kwa kadiri ya kilichopotea. Papa upanga analiliwa kidogo, na wazee. Kuvumwani haililiwi kabisa. Ukiyapima mazishi hayo kwa machozi, utasema samaki alikuwa na thamani na mmea haukuwa nayo. Ndivyo tunavyofanya kila bajeti inapogawanywa, kila msitu unapopimwa kwa kile kinachoweza kukatwa ndani yake.

Sasa tazama kazi ambayo kiumbe huyu asiyeliliwa amekuwa akiifanya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tamás Pócs, mtaalamu wa kuvumwani kutoka Hungaria, alifundisha Morogoro na kupanda mara kwa mara milima ya Uluguru. Katika msitu wa miti mifupi iliyopinda, juu ya mita 2,000, alipima mimea yote inayoota juu ya matawi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kuvumwani na jamaa zake. Uzito wake mkavu ulikaribia tani 14 kwa hekta moja. Mvua moja ikinyesha, mimea hiyo iliweza kushika maji yapatayo lita 50,000 kwa hekta, kisha ikayaachia polepole. Maji ya Uluguru hushuka kwa mto Ruvu yakanywewa na Dar es Salaam. Watu wanaofungua bomba Kariakoo wana deni kwa mmea ambao hawajawahi kuusikia.

Mafia nayo ina deni lake, kwa njia nyingine. Milima ya Udzungwa, iliyo katika safu ileile ya Tao la Mashariki, ina misitu ya mawingu ya namna hiyohiyo. Vijito vyake huingia bonde la Kilombero, na Kilombero ndiyo inayoleta zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji. Tone linalodondoka kutoka kwenye kuvumwani Udzungwa lina nafasi ya kufika Simba Uranga, likachanganyika na chumvi mahali ambapo papa upanga alikuja kuzaa. Mmea uliohitaji utando wa maji ili uzaliane, na samaki aliyehitaji maji baridi ya mto ili alee watoto, walikuwa wakitumia maji yaleyale, mmoja mwanzoni mwa safari na mwingine mwishoni. Hawakuwahi kukutana. Sisi ndio tuliokaa katikati yao, na kila tunachofanya katikati kinawafikia wote wawili kwa sura tofauti. Tangu Desemba 2022 maji hayo yanakusanywa kwanza katika Bwawa la Nyerere, lenye mitambo ya kuzalisha megawati 2,115. Nchi ilihitaji umeme huo, na sina haja ya kubeza taa ya mtu. Lakini bwawa hubadili majira ya maji na kiasi cha tope linalofika delta, na atakayetaka kujua mabadiliko hayo yamemgusa nani lazima awe anajua nani alikuwa akiishi huko.

Watu wa Jibondo wangeuelewa uhusiano huu kabla ya mtu wa chuo kikuu. Kisiwa chao ni cha matumbawe, maji baridi ni ya shida, na kwa miaka mingi yaliletwa kwa mashua au kukingwa mvua ikinyesha. Vilevile wao ni mabingwa wa jarife. Wamejua kwa mikono yao thamani ya tone linaloshikwa na thamani ya samaki anayenaswa, na wamelipa gharama ya uhifadhi kuliko wengi wetu tunaoandika juu yake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995 ikachukua kilomita za mraba 822, na mahusiano yake na wavuvi hayakuwa laini siku zote, hasa hapo Jibondo. Mtu akiambiwa aache wavu kwa ajili ya samaki ambaye hata hayuko tena, ana haki ya kuuliza watoto wake watakula nini. Huzuni isiyokuwa na jibu la swali hilo ni anasa.

Ndiyo maana narudi kwenye faradhi ya kifaya. Uzuri wa sheria ile ni kwamba haimtaki kila mtu alie. Haipimi machozi. Inataka kazi ifanyike, na inakubali ifanywe na wachache kwa niaba ya wengi, mradi wapatikane. Vijana wanne wakichimba kaburi, wengine wanaweza kurudi kwenye shughuli zao na dhamiri nyeupe. Kujua nani anatutoka ni kazi ya aina hiyo. Haihitaji taifa zima lipande Udzungwa likikagua magome. Inahitaji wanafunzi wachache wenye lenzi na walimu wanaojua cha kuwaonyesha, na chuo kinachokubali kuwalipia nauli. Haihitaji kila mvuvi awe mlinzi. Inahitaji wachache watakaokata wavu badala ya upanga, na utaratibu wa kuwafidia wavu huo. Inahitaji mtu aketi na wazee wa Kilindoni na wa delta aandike mahali, msimu na kina, wangali hai wa kusahihisha. Kwingineko duniani watafiti huchuja maji ya mito kutafuta chembe za urithi za papa upanga, wakajua amepita hata kama hakuna aliyemwona. Maji ya Rufiji yanaweza kuulizwa swali hilo pia.

Tena kuna jambo ambalo neno msiba linalificha. Orodha Nyekundu haijawaandika kuwa wafu. Papa upanga bado ana daraja la walio hai, ingawa ni la mwisho. Renauldia bado ina miti ya kushikilia. Dini iliyotufundisha kuzika ilitufundisha pia kumzuru mgonjwa, na haki hiyo inatangulia. Tumezoea kufika siku ya matanga, tukiwa na maneno mazuri, kwa mtu ambaye hatukumjulia hali alipokuwa kitandani. Kwa viumbe hawa wawili nafasi ya kujulia hali haijafungwa. Anayekwenda leo anaweza kumkuta mgonjwa ana nafuu, au amezidiwa, au amekwisha kata roho. Kwa vyovyote atakuwa ametimiza sehemu ya faradhi, na sisi wengine tutakuwa tumepumzika kwa jasho lake. Asipokwenda mtu, hatutaweza kusema hatukupata habari.